Kiondo Kinachozunguka Kushoto

Mama alinifumulia kiondo changu cha kwanza mara tatu. "Unasuka kinyume," alisema, na ilikuwa kweli. Uzi wake ulizunguka kitako cha kiondo kuelekea kulia, wangu kushoto. Ilinikera, maana nilikuwa nimeketi mbele yake uani kwetu Kanja, nikiiga mikono yake kama anayejitazama kwenye kioo. Mwishowe alichoka, akaniacha na kosa langu.

Mwaka jana tulimzika nyanya, mama yake. Darini kwake tulikuta kiondo chake cha mkonge, kimejaa maharagwe ya mbegu. Kilizunguka kushoto. Nikamuuliza mama alikuwa akiketi wapi nyanya alipomfundisha kusuka.

"Mbele yake," akasema, akikigeuzageuza kile kiondo mapajani.

Sasa binti yangu anajifunza. Anaketi mbele yangu, na uzi wake unaenda kulia. Juzi nilinyoosha mkono nimfumulie, nikaurudisha, kwa sababu sijui tena kosa ni la nani.

Mama alikuwa akitutazama. "Angalau huyu," akasema, "anasuka sawasawa."