Fundi Cherehani Apimwa Akili

Mumewe alimwita mjinga kwa miaka kumi na tisa, na kila mara neno hilo lilisindikizwa na kipigo. Chai ikipoa, mjinga, ngumi. Mteja akichelewa kuchukua nguo, mjinga, teke la ubavu. Meno mawili ya mbele alimvunja kwa pasi ya mkaa, siku aliyothubutu kumsahihisha vipimo vya suruali mbele ya watu. Na huyu ni fundi aliyekata gauni kwa jicho tu, bila chaki! Mwishowe akaamini kweli ni mjinga, na hilo linanichoma roho kuliko hata hayo meno.

Asubuhi moja mume akamkaba koo juu ya meza ya kukatia. Mkono wa fundi ukapapasa, ukakuta mkasi. Akamchoma chini ya sikio. Damu iliruka mpaka kwenye sare za shule zilizokuwa zikingoja vifungo. Mume akaanguka chali, akatapatapa, miguu ikipiga cherehani teke, kisha akatulia. Fundi akakaa chini kusubiri polisi.

Mahakama ikaamuru apimwe akili. Kaka yake akamfuata rumande, akamnong'oneza kupitia nondo.

"Dada, nisikilize. Jifanye huelewi kitu. Wakikuona akili huna, ni hospitali, miaka michache uko nje. Wakikuona unazo, utazeekea humu humu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, kaka."

Na kweli alianza vizuri. Mpimaji, mama mmoja mwenye miwani, alimwambia ataje miezi ya mwaka, akaduwaa. Alimtajia tarakimu tano azirudie kinyumenyume, akatikisa kichwa. Ndipo yule mama akamwaga mezani vipande tisa vya mbao, pande nyingine nyekundu, nyingine nyeupe, nyingine nusu kwa nusu, akamwonyesha mchoro.

"Vipange vifanane na hii."

Kuunga viraka! Mikono ikakimbia, ikamaliza mpimaji akiwa bado anahangaika na saa yake. Hapo fundi akamkumbuka kaka yake, na angeweza kuacha. Hakuacha. Akapanga mchoro wa pili, wa tatu, mpaka michoro ikaisha.

Mpimaji akavua miwani. "Miaka yote hii sijaona mtu akiimaliza yote. Una akili sana, mama."

Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo.

"Yale ya mwanzo nilikudanganya," akasema. "Niulize tena."

Akaulizwa tena, akajibu yote.

Siku ya kesi, ripoti ikiwa imeshasema akili anazo, kaka mtu akamrukia kwenye korido ya mahakama, akamzaba kofi lililompasua mdomo, akainua mkono wa pili. Askari wawili wakambana ukutani.

"Umejimaliza!" akapiga kelele huku analia. "Umejimaliza mwenyewe! Kwa nini, dada?"

Fundi akatema damu.

"Nilitaka kujua, kaka," akasema, akaingia kusikiliza kesi yake.