Mwalimu wa karate amekataa kunipiga

Leo nimetolewa darasa la karate kabla sijapigwa hata kofi moja.

Mimi! Niliyeiona Kampala na Mombasa!

Wiki iliyopita vibaka walinivamia mwaloni Muleba nikishuka kwenye boti kutoka kisiwani, wakaondoka na dagaa wangu. Jumatatu narudi kisiwani kuchukua dagaa wengine, na safari hii nataka nijue kurusha teke.

Judo ya mtaa wa Kibeta wanaangushana kama magunia ya kahawa, na kiuno changu kinajua umri wake. Nikachagua karate, mtaa wa Nshambya.

Nikasimama mstari wa mbele, ngumi nimekunja. Mwalimu akaingia na mkanda wake mweusi, akaniona.

Akapiga magoti!

"Shikamoo, tata."

Tata, yaani baba! Kumbe ni Deo, mmoja wa watoto wanne niliowachukua miaka ile Ukimwi ulipomaliza wazazi wao. Alikwenda Mwanza kutafuta maisha. Sikujua amerudi na mkanda.

"Inuka, Deo! Nifundishe! Nipige!"

"Siwezi kumwinulia mkono aliyenilisha."

"Basi wanipige hawa wanafunzi!"

"Watampigaje mtu niliyempigia magoti?"

Nikakalishwa kwenye kiti, nikaletewa soda. Darasa zima likapanga foleni kuniamkia.

Jamani, nani anamjua mwalimu wa ngumi ambaye sikumlea? Nina hadi Jumatatu.