Katoni Chini ya Pikapu

Baba hakutaka kwenda nyumbani kijijini amelala. Alilisema hilo siku tuliporudi kutoka hospitali, daktari akiwa ametuambia tumpeleke akapumzike, na sote tukijua maana ya kupumzika huko. "Watu wetu wote wanatoka Nairobi wamelala kwenye jeneza," akasema. "Mimi nitaenda nimekaa. Mbele. Kwa gari langu."

Haya basi. Gari lenyewe lilikuwa pikapu kuukuu ya dizeli, aliyoiendesha miaka yote akiwabebea maseremala wa Shauri Moyo mbao zao. Alipougua nikaichukua mimi, kifungua mimba wake, nikawa nawabebea wauza viatu wa Kariokor. Na ilivuja oili, wee! Mtaani ungejua tumepita wapi kwa kuangalia chini. Kwa safari za hapa na pale niliongeza oili nikaendelea na kazi. Lakini kupanda milima hadi kwetu magharibi, mgonjwa akiwa kando yangu? Injini ingeungua kabla hatujaumaliza mlima wa kwanza.

Fundi wetu wa Shauri Moyo aliinama, akaona tone linaning'inia chini ya injini, akasema, "Siste, hiyo ni gasketi ya sampu, lile bakuli la oili huku chini." Akabadilisha. Ikavuja. Akasema basi ni sili ya nyuma, akashusha giaboksi nzima, gari likakaa juu ya mawe siku kadhaa huku Baba akiniuliza kila nikiingia, "Tayari?" Sili mpya ikawekwa. Ikavuja tena! Nilimfokea yule fundi mpaka wanywa chai wa kibanda cha pili wakageuka. Maskini, hakuwa mwongo. Sote wawili tulikuwa tukitafuta ugonjwa pale tone linapoangukia.

Hasira zilipotulia nikakumbuka njia ya Baba. Yeye kwanza aliosha injini yote kwa mafuta ya taa, akaikausha, kisha akaipaka poda. Oili ikitoka, poda inalowa, nawe unaifuata alama mpaka inapoanzia. Nikaenda nyumbani kuomba poda. Iliyokuwepo ni ile Mama aliyompaka Baba mgongoni asiote vidonda vya kulala. Mama aliishikilia kidogo, akanitazama.

"Chukua," akasema, "lakini uniachie ya jioni."

Tuliosha, tukakausha, tukapaka. Nikaendesha hadi Eastleigh na kurudi, fundi akafungua boneti. Injini yote nyeupe, isipokuwa mstari mmoja mweusi, mwembamba, uliotokea juu kabisa, nyuma ya altaneta, kwenye kipande cha mpira kinachorudisha oili ndani ya injini. Kimepasuka. Oili ilitokea hapo, ikateremka ubavuni, upepo ukaisukuma nyuma, ikaja kudondoka mbali na mahali ilipotoka. Kimpira! Kifupi kuliko kidole changu! Nikacheka, fundi akacheka, nusura tukumbatiane na grisi zetu. Alasiri ile ile kimpira kipya kilikuwa kimefungwa.

Nikakimbia nyumbani. "Baba, tayari! Twende sasa hivi."

Mama alikuwa ameshafunga vitu, na koti la Baba la safari lilikuwa limetundikwa mlangoni. Baba akanishika mkono. Sauti yake ilikuwa imebaki ndogo sana.

"Umeweka katoni?"

Katoni ilikuwa sheria yake. Gari likishatengenezwa haliendi safari ndefu mpaka lilale juu ya katoni safi, na asubuhi ile katoni ikaguliwe. Madereva wenzake walimcheka, hakujali.

"Baba, nimeona kwa macho yangu. Halivuji."

"Haraka haraka haina baraka, mama." Aliniita mama kwa sababu nina jina la mamake.

Mama akadakia kutoka jikoni, "Na ngoja ngoja huumiza matumbo!"

Baba akatabasamu, lakini hakubadilisha neno. Nami nikaenda kutandaza katoni ya sabuni chini ya pikapu, maana tangu nizaliwe sijawahi kubishana na mzee yule kuhusu gari lake.

Asubuhi nilitoka na leso yangu kiunoni, nikaivuta ile katoni. Kavu! Hakuna hata alama. Nikaingia nayo mbio nikipiga kelele, "Baba, kavu! Kavu kabisa! Vaa koti!"

Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mkono wake juu ya kifua cha Baba. Mimi nikamwonyesha Baba katoni hivyo hivyo. Niliishika mbele ya uso wake, nikaigeuza upande huu na upande ule, nikisema tazama, Baba, si utazame, mpaka Mama akainyang'anya mikononi mwangu.

Jamaa walitaka kukodi gari la maiti. Nikasema ng'o. Baba alisafiri kwa pikapu yake, nyuma, amelala, kama watu wetu wote. Koti lake nililikalisha kwenye kiti cha mbele nikalifunga mkanda, na Mama akakaa nyuma na jeneza. Tulipanda ile milima injini ikinguruma vizuri. Kila tuliposimama nilichungulia chini, na kila mara palikuwa pakavu. Haki ya Mungu, nililichukia gari lile. Si lingevuja tu! Lingetuharibikia mlimani nikajua kwamba hata tungeondoka Baba akiwa hai tusingefika.

Tulipoingia bomani, baba mdogo alitupokea kwa kilio. Baadaye, watu walipokuwa wakiteremsha jeneza, nilimwona ameinama anaangalia chini ya pikapu, kwa kuwa alizijua tabia za nduguye.

"Mmelitengeneza vizuri," akaniambia.

"Lilikuwa tayari tangu alasiri ile, baba mdogo," nikamjibu. "Bado alikuwa anaongea."