Viatu Mkononi

Mama mlinzi wa kisiwa cha ndege ziwani Kitangiri hana karibu nyingine. Ukipanda mtumbwi wake anakwambia, "Viatu." Nyayo zake mwenyewe zimepasuka kama tope la kiangazi. Kisiwani hupapasa kwanza kwa vidole vya miguu ndipo akanyage, maana ndege hutaga chini, katikati ya maua, na mayai yao hayana tofauti na kokoto. Juzi tulikuwa na mheshimiwa mmoja. Tulipokaribia kutia nanga bado alikuwa na buti miguuni, akagoma kuzivua. "Mama, unanijua mimi ni nani?" Mama hakupandisha sauti. Aligeuza mtumbwi, akaanza kupiga kasia kuturudisha tulikotoka, sote, na viatu vyetu mkononi. "Nakujua, mheshimiwa," akasema. "Ndege ndio hawakujui."