Tramu Haiwezi Kukwepa

Babu yangu alianza kazi ya udereva siku ya Jumamosi, saa kumi na mbili na robo asubuhi, katika Bandari ya Jeddah. Wakati huo wiki ya kazi huku Saudia ilikuwa ikianza Jumamosi, na hiyo saa hajaisahau kwa sababu alitakiwa afike saa kumi na mbili kamili. Nayaandika haya kwenye daftari langu, lakini ni kwa ajili ya wadogo zangu, ambao ipo siku watashika usukani. Na nayaandika nikiwa na hasira. Mama anasema mtu asiandike akiwa na hasira. Mimi nisipoandika ndiyo basi tena, maana kusema siwezi. Hata skuli, mwalimu akiniuliza jambo ninalolijua, najibu chini chini mpaka anachoka, anamwuliza mwingine.

Siku ile Msimamizi wa Zamu hakumgombeza kwa kuchelewa. Alimchukua mpaka katikati ya yadi, makontena yanapopangwa kama maghorofa, akamwonyesha winchi ya magurudumu, lile dude lenye miguu mirefu minne linalotembea juu ya makontena na kuyanyanyua. Kisha akamwonyesha trekta atakayoendesha yeye, ya kuvuta matela.

"Winchi na trekta zikikutana njia panda," akamwuliza, "hakuna taa, hakuna askari. Nani anapita?"

"Anayewahi, bosi."

"Anayewahi tunamzika. Jibu tena."

"Aliye mkubwa?"

"Mkubwa kwa nani, kwa mama yako?" Madereva wote wakacheka. "Anapita asiyeweza kukwepa. Winchi imebeba kontena hewani, ikikata kona ghafla inalala. Wewe una usukani, una breki, una akili kidogo. Unasubiri."

Kila akisimulia, Babu hilo neno "akili kidogo" hulitoa kwa sauti ya puani kama ya yule msimamizi, na sisi hucheka hata kama tumelisikia mara mia.

Aliendesha trekta chini ya Wakuu wa Yadi watatu. Wa kwanza alitaka haraka, wa pili alitaka kuamkiwa kila asubuhi na kila mtu kwa jina lake lote, wa tatu hakutaka chochote ila kulala garini na kiyoyozi kimewashwa. Huyo wa tatu ndiye aliyempandisha Babu juu ya winchi. Babu alidhani atajiona mfalme kule juu. "Wapi!" ananiambia. "Ukiwa juu unaona jinsi watu wanavyokuamini, wanapita chini yako wanakula sandwichi. Nilishuka siku ya kwanza shati limeroa jasho."

Baadaye akapata kafili mwingine, mwajiri wa kumdhamini huku, akahamia Riyadh, kwenye eneo moja kubwa la makazi na ofisi lililozungushiwa ukuta. Humo ndani kuna tramu, yaani treni fupi ya umeme inayopita juu ya reli zilizolazwa barabarani, magari yakipita hapo hapo. Haina nauli wala tiketi, unapanda tu. Babu akawa dereva, halafu akawa ndiye anayewafundisha madereva wapya. Anakaa chumba cha kupanga karibu na mtaa wa Batha, na mimi kila likizo napanda basi kutoka Jeddah kwenda kumpikia.

Kanuni aliyowafundisha naijua kwa moyo. Kwenye njia panda isiyo na taa, gari kwa gari, aliye kulia hutangulia. Lakini gari na tramu si sawa. Tramu hutangulia, gari litoke kulia au kushoto, kwa sababu tramu haiwezi kukwepa. Ukivuta breki ya dharura, visanduku vilivyo chini vinamwaga mchanga juu ya reli ili magurudumu yashike, na hata hivyo inaendelea kuteleza. Si heshima, Babu huwaambia, ni uzito. Ipo hali moja tu ambayo tramu inangoja, nayo ni pale inapotoka gereji. Hapo bado haijaingia kazini, haina haki juu ya mtu. Ikishasimama kituo cha kwanza, ikafungua milango, imeingia kazini.

Sasa nije kwenye hasira yangu.

Jumatano asubuhi, ikiwa imebaki siku moja Babu astaafu, nilikuwa nikimngoja kituo cha kwanza, chenye benchi la kijani, na thamosi ya chai ya maziwa. Alisimama, akafungua milango, nikapanda. Nilikuwa abiria peke yangu. "Umetia tangawizi?" akaniuliza. Nikaitika kwa kichwa. Tukaenda. Njia panda inayofuata, gari jeupe likaja kutoka kulia bila kupunguza mwendo. Babu alipiga kengele, akapiga tena, akavuta breki, nikausikia mchanga ukikwaruza chini ya magurudumu. Tuliligonga mlango wa nyuma. Hakuna aliyeumia isipokuwa Babu, goti, na thamosi ikabonyea, chai yote ikanimwagikia.

Aliyeshuka garini ni Mkurugenzi wa eneo zima. Simu ilikuwa bado mkononi mwake, inaongea.

Adhuhuri tukaitwa ofisini kwa Meneja wa Usafiri. Mimi nikakaa kwenye kiti cha mlangoni. Mkurugenzi akasema yeye alitoka kulia, na aliye kulia hutangulia. Meneja akakohoa. Huyu Meneja alianza kama dereva, na Babu ndiye aliyemfundisha, alikuwa akila kwetu, chumbani kwa Babu, kila Ijumaa. Nikadhani atasema kweli. Akasema, "Hiyo ni gari kwa gari, bwana mkubwa. Ila hapa tramu ilikuwa inatoka gereji. Ilipaswa kungoja."

"Nilisimama kituo cha kwanza," Babu akasema. "Nilifungua milango."

"Kamera ya kituo mafi, hakuna kitu, mzee, mbovu tangu mwezi jana. Nani alipanda?"

Babu akanitazama. Meneja naye akanitazama, vazi langu lote lina madoa ya chai, akangoja. Mimi nikavitazama viatu vyangu. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema, na ulimi ukawa kama umeshonwa.

"Sikumbuki," Babu akasema.

Sijawahi kumsikia Babu akisema uongo. Alisema ule kwa ajili yangu.

Meneja akasukuma karatasi: kesho saa mbili asubuhi atie saini kwamba alishindwa kutoa njia, yaishe, halas. Isipokuwa hayaishi. Mwenye kosa hapewi cheti cha mwenendo mwema, na kafili amekwisha sema bila cheti hicho haongezi ikama, kile kibali cha kuishi huku, na bila ikama atarudishwa Unguja. Babu aliondoka Unguja ana miaka minne. Huko hamjui mtu hata wa kumwuliza njia. Sisi wote tuko huku.

Nilikwenda gereji kumsaidia dada Nekesa kuosha kiti cha tramu nilichokuwa nimekalia, kilichoroa chai. Yeye ni Mkenya, anasafisha tramu na ofisi, na ndiye mtu pekee huko ninayeongea naye. Nikamwambia yote.

"Ngoja," akasema, akatupa kitambaa ndooni. "Wewe uliingia hapo kwa benchi ya kijani? Na ukanyamaza?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Mimi nikifungua mdomo hapa, kesho niko kwa ndege. Wewe ukifungua, watakufanya nini? Watakunyima likizo?"

Nikalia. Hakunibembeleza. Alinipa upande mmoja wa kitambaa nikamue.

Baada ya alasiri nilimchua Babu goti kwa mafuta ya karafuu. Nilitaka anigombeze. Yeye akaanza kuzungumza habari za kustaafu, kana kwamba hakuna karatasi inayomngoja.

"Kazi hii, mjukuu wangu, watu wanadhani ni kwenda. Ni kusubiri. Nimesubiri winchi, nimesubiri malori, nimesubiri watoto wavuke na baiskeli zao. Sijaona ubaya. Lakini zamu yako ya kupita ikifika, pita. Ukisimama katikati kwa adabu, aliye nyuma yako anakugonga. Nimewaona wengi waliogongwa kwa adabu."

"Kwa nini hukunitaja, Babu?"

"Jina lako likiingia kwenye faili ya watu, nilitaka liingie kwa mdomo wako. Si kwa wangu." Akavuta mguu wake. "Basi, inatosha. Unalichua kama unaosha sufuria."

Nilikasirika hata na yeye, kwa kuwa mpole. Nilimkasirikia Meneja kwa vile vyakula vyote alivyokula kwetu, na Mkurugenzi, ambaye hakuuliza hata mara moja goti la mzee lina hali gani. Lakini kila nilipojumlisha hasira zangu, kubwa kuliko zote ilikuwa juu ya viatu vyangu, ambavyo sasa nakijua kila kikwaruzo chake.

Alhamisi asubuhi niliondoka kabla ya Babu, nikapanda basi la wafanyakazi kutoka Batha, thamosi iliyobonyea ikiwa mapajani. Saa mbili kasorobo nilikuwa kwenye korido ya ofisi. Nilipoufikia mlango wa Meneja, Mkurugenzi naye alikuwa anaufikia, kutoka kulia, simu sikioni. Mimi siku zote mlangoni hujibana ukutani mpaka watu waishe. Safari hii miguu haikukwepa. Akasimama yeye. Nikapita.

Karatasi ilikuwa mezani, kalamu juu yake. Niliiweka thamosi juu ya karatasi.

"Mimi nilipanda kituo cha kwanza," nikasema.

"Sauti, binti," Meneja akasema. "Sikusikii."

Alikuwa amesikia. Nilimwona usoni. Basi nikasema tena, kwa sauti, na nikasema saa, na benchi la kijani, na milango ilivyofunguka, mpaka kule mwisho wa korido Nekesa akanisikia, akaacha kupiga deki.