Thamani ya Tangi la Kitangari

Siku ya kwanza kazini niliingia ofisi ya Mhasibu Mkuu hapa Masasi nikiwa na viatu vya dada yangu, vinanibana, na cheti changu cha uhasibu kwenye bahasha ya kaki. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, akanisukumia sahani ya korosho ghafi. "Binti, gunia la hizi lina thamani gani?" Nilikuwa nimeshapita kwa karani wa ghala, basi nikamtajia bei ambayo kampuni ilinunulia, tena kwa kujidai. Alicheka mpaka akavua miwani. "Hiyo ni ya mwezi uliopita. Mimi nimekuuliza leo." Akanituma mnadani nikaulize, na viatu vile vile, juani.

Nawasimulia nyie mnaoanza sasa, mnaowasha kompyuta mkakuta namba zimeshajipanga zenyewe. Kazi iliyonila miguu na macho ilikuwa kupima thamani ya haki. Maana yake ni fedha ambayo ungeipata leo kwa kuuza mali yako sokoni, kwa mtu anayeijua mali hiyo, naye halazimishwi kununua wala wewe hulazimishwi kuuza. Deni nalo hupimwa hivyo hivyo: ungemlipa mtu kiasi gani leo akubali kulibeba badala yako? Haijalishi ulinunua kwa shilingi ngapi. Haijalishi bosi anapenda iwe ngapi. Hilo la pili ndilo lililonitenga na mabosi.

Mhasibu Mkuu yule alinifundisha kwamba vipimo vina ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni bei inayoonekana wazi, kama korosho mnadani, mtu hawezi kukubishia. Ya pili ni bei ya kitu kinachofanana na chako, kwa mfano lori la jirani lililouzwa juzi. Ya tatu ni pale soko halipo, ukalazimika kukadiria mwenyewe. "Hapo," alisema, "andika umekadiriaje, neno kwa neno, chini ya hesabu za mwaka. Asiyeandika amekadiria tumboni mwake." Mzee huyo alistaafu mapema, akaniacha na mabosi wa aina nyingine.

Nilihamishiwa Newala nikiwa mhasibu msaidizi. Tulikuwa na kiwanda kidogo cha kubangua korosho, maghala mawili matatu, na kiwanja kimoja Kitangari chenye ghala kuukuu. Ghala lilikuwa limepinda, lakini bati zake zilikuwa pana na mifereji ilipeleka maji ya mvua kwenye tangi la saruji lililochimbwa chini. Anayeijua nchi yetu ya juu kule anajua maji yanavyotafutwa mvua zikikatika. Watu wa Kitangari walichota pale miaka yote, na kampuni haikuwahi kuwauliza kitu.

Basi benki iliyotukopesha ikataka mali zote za kampuni zipimwe upya. Akaja mthamini kutoka Dar es Salaam. Sina ugomvi na mthamini, lakini alikuja mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, kila nyumba imeweka sufuria chini ya paa. Akalichungulia tangi, akaandika: "Limechakaa. Halina thamani." Kwenye vitabu vyetu nako lilikuwa limeshafutwa kwa uchakavu, yaani kila mwaka tulilipunguzia thamani kidogo mpaka likafika sifuri. Sifuri mbili zikakutana, Meneja wa Tawi akafurahi.

Kwa nini alifurahi, nilikuja kujua baadaye kidogo. Shemeji yake alikuwa anataka kukinunua kiwanja kile. Alikuwa na baiskeli kumi na mbili zinazouza maji Newala mjini, na mdomo mpana. Alishawaambia vijana wake kwamba tangi likiwa lake, Kitangari nzima itanunua maji kwake kwa bei atakayoitaja yeye. Meneja akaniita. "Mama Hawa, andaa karatasi za kuuza. Ardhi weka ya mthamini. Tangi sifuri. Utie saini."

"Kwenye vitabu ni sifuri, meneja," nikamwambia. "Kitangari siyo sifuri."

"Wewe mhasibu au mwanasiasa?"

"Mhasibu. Ndiyo maana nataka kupima."

Akaongea taratibu kama baba. "Nafasi ya Mhasibu Mkuu inajazwa mwezi wa kumi na mbili. Jina lako ndilo la kwanza. Usilifute kwa ajili ya shimo la maji." Hawa wangu alikuwa sekondari ya bweni, na baba yake alishatangulia mbele ya haki. Niliogopa, siwafichi. Nilirudi mezani pangu nikashindwa hata kunywa chai.

Karatasi za kuuza nikazichelewesha makusudi, nikasubiri mvua zikatike. Mwezi wa tisa nikapanda gari asubuhi, nikafika Kitangari, nikaketi juu ya tofali karibu na tangi na daftari langu. Nikahesabu. Anayekuja kuchota, namwekea mstari. Mpaka adhuhuri nilikuwa na mistari thelathini na saba, nikavunjika moyo. Kwa hesabu ile tangi lilikuwa na thamani, lakini ndogo, na Meneja angenicheka.

Mama mmoja mtu mzima, Bi Asumini, alikuwa amekaa kivulini ananitazama toka nilipofika. "We mwanangu, unaandika nini?"

"Nahesabu wanaochota, bibi."

"Unahesabu watu?" Akapiga makofi. "Jamani, njooni mwone! Huyu anahesabu watu! Mwanangu, hapa anayepanga foleni ni ndoo. Mwenyewe yuko shambani."

Nikageuka. Loo! Nyuma yangu ule mstari wa ndoo, madumu na beseni niliodhani ni vyombo vilivyotupwa tu, ulizunguka ghala hadi upande wa pili. Kila kimoja na alama yake: utepe, tundu, kitambaa cha khanga kwenye mkono. Mtu anaacha ndoo sita, anakwenda kulima, zamu yake ikifika jirani anamjazia. Mhasibu mzima, na cheti, nimekaa nusu siku nimeupa mgongo ushahidi! Niliichana ile karatasi mbele yao, wakacheka, nikacheka na mimi.

Kesho yake nilikwenda na khanga na ndoo yangu, nikapanga foleni. Nikahesabu ndoo siku nne, pamoja na siku ya gulio na siku ya Ijumaa. Nikateremsha kamba yenye jiwe kujua kina cha maji na yangefika mwezi gani. Nikauliza wauza maji wa baiskeli wanauzaje ndoo, ili nipate bei ya kitu kinachofanana, ile ngazi ya pili. Halafu nikakadiria: ndoo za siku moja, mara siku za kiangazi, mara bei, nikatoa gharama za kukarabati mifereji na kumlipa mlinzi, nikapunguza tena kwa sababu shilingi ya mwaka kesho si sawa na shilingi iliyo mkononi leo. Yote nikayaandika neno kwa neno, kurasa sita. Namba iliyotoka ilizidi ile ya ardhi yenyewe.

Meneja alizisoma amesimama. "Toa hizi. Weka sifuri, utie saini."

"Sitii."

"Nitamtafuta atakayetia."

"Mtafute. Na hizi kurasa nimeshampa mkaguzi wa nje." Mkaguzi wa nje ni yule anayetoka kampuni nyingine kuja kuhakiki hesabu zetu, na mwaka ule alikuwa mama mmoja mkali. Mbele ya bodi aliuliza nani alihesabu. Nikasema mimi. Kwa njia gani? "Nilipanga foleni," nikajibu. Wajumbe wakacheka. Yeye hakucheka, akauliza kina cha tangi, nikamtajia. Akasema hesabu zenye sifuri pale hazipitishi.

Shemeji alipoisikia bei akasema hataki tena kiwanja. Bodi ikabaki nacho, ikakarabati mifereji, ikaweka mlinzi na bei ndogo ya kuchota, nusu ya ile ya baiskeli. Msidhani nilibebwa juu juu. Bi Asumini alinikuta gulioni akaniambia, "Wewe ndiye uliyetuletea bei." Nikamwambia ni kweli, na kwamba ile ya shemeji wa Meneja ingekuwa kubwa zaidi. Akasema anajua, lakini atanung'unika tu. Nikamwachia anung'unike, ana haki yake.

Desemba ilipofika Mhasibu Mkuu akawa mtu mwingine. Mimi nilibaki mhasibu msaidizi mpaka siku ya kuagwa, nikapewa feni na hotuba fupi. Mnaniuliza kama najuta. Weee! Mshahara najuta, tena sana, Hawa alimaliza shule kwa vitumbua vyangu. Saini sijutii hata kidogo. Waliweza kuninyima cheo, walishindwa kunifanya niandike sifuri.

Sasa nakaa Mkomaindo, nyuma ya hospitali, feni yenyewe ilishaungua. Juzi simu imeita. Mhasibu mpya wa kampuni, binti mwenye sauti ya adabu. "Shikamoo mama. Wanataka kuuza kile kiwanja cha Kitangari. Nimeambiwa tangi niweke sifuri. Nimesikia una zile kurasa zako za kuhesabu."

"Marahaba. Ninazo, ziko sandukuni."

"Naomba unitumie, mama, nizinakili."

"Sikutumii."

Nilisikia anavuta pumzi, na nilijua vizuri sana anaogopa nini. "Mama, sasa nitafanyaje?"

"Zile ni za siku ile, mwanangu. Wewe unaulizwa leo," nikamwambia. "Panda gari uende. Na usisahau ndoo."