Miaka Chini ya Sauti ya Modesta

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kuazima, na Kiongozi wa Bendi alivitazama viatu kabla ya kunitazama mimi. Ilikuwa asubuhi, ndani ya bwalo la kiwanda cha kuchambua pamba hapa Mwanza, na meza za chakula zilikuwa zimesukumwa ukutani ili vyombo vya muziki vipate nafasi. Nilikuwa nimetoka Ukerewe kwa meli ya jana yake, Veneranda, binti wa kwaya ya parokia. Kiongozi alikuwa mpiga tarumbeta, mtu mrefu asiyecheka ovyo, na cheo chake kiwandani kilikuwa Msimamizi wa Mizani. Sote tulikuwa na vyeo vya namna hiyo. Viwanda na mashirika ya wakati ule yalikuwa na bendi kama yalivyokuwa na timu za mpira, na mwanamuziki aliajiriwa kwa jina la kazi nyingine. Mimi niliandikwa Mhudumu wa Mapokezi, na sikuwahi kumpokea mtu.

"Imba unachokijua," aliniambia.

Nikaimba wimbo wa kanisani, sehemu yangu ya alto kama nilivyozoea. Hakuningoja nimalize.

"Nani alikufundisha kuanzia huko chini?"

"Mwalimu wa kwaya, mzee. Ndiyo sehemu yangu."

"Basi na hapa ni hiyo hiyo. Wewe ni sauti ya pili. Ya kwanza tunaye."

Nilidhani amenipa daraja la pili, kama la treni, na nikanuna. Ilinichukua muda kuelewa kazi yenyewe. Katika bendi ya jazz, kama tulivyoziita bendi zetu zote za dansi, sauti ya kwanza hubeba wimbo, na ndiyo watu wanayoondoka nayo kwenda nyumbani. Sauti ya pili hutembea chini yake kwa maneno yale yale na wakati ule ule, ila kwa noti za chini kidogo, ili ya kwanza iwe na mahali pa kukanyaga. Beti zikiisha, magitaa hupandisha kasi, tarumbeta na saksafoni huingia, na waimbaji hupumzika wakati watu wanacheza. Sehemu hiyo tuliiita chemko. Kiongozi alikuwa na sheria moja juu yangu, na aliirudia hadi nikaiota. "Sauti ya pili ikisikika, imekosea," alisema. "Isiposikika kabisa, haipo kazini. Tafuta katikati."

Huyo wa sauti ya kwanza aliingia bwaloni asubuhi ile ile akitafuna hindi la kuchoma. Aliitwa Modesta, Mjita, mtoto wa wavuvi wa upande wa Musoma, mkubwa kwangu kwa miaka michache. Nikamwamkia kwa adabu. Akaitikia, akanipa nusu ya hindi, akasema, "Wewe mdogo wangu, ukinikanyaga kwenye wimbo nitakukanyaga nje." Sauti yake ya kuongea ilikuwa nzito na ya kawaida. Ya kuimba ilipanda bila kujikaza, na ikifika juu ilitulia kama mtu aliyefika kwake. Sijasikia nyingine ya namna ile, na nimewasikia wengi.

Kumfuata mtu kama huyo kulikuwa ufundi. Hakuimba wimbo mara mbili kwa namna moja. Akiwa na furaha aliuvuta mwisho wa mstari, akiwa na hasira aliukata. Sikuweza kungoja nisikie ndipo nifuate, maana ningekuwa nimechelewa. Nilijifunza kumsoma pumzi. Nilisimama kushotoni kwake, nyuma kidogo, macho yangu begani pake, na bega likiinuka nilijua mstari utakuwa mrefu au mfupi. Wachezaji waliamini namtazama kwa mapenzi. Namtazama kwa kazi, niliwaambia, na wengine hawakuniamini.

Albamu ya kwanza ilimletea Modesta jina. Iliitwa *Harusi ya Jirani*. Tulisafiri kwa treni hadi Dar es Salaam, bendi nzima na ngoma zetu, tukarekodi katika kituo cha redio. Vijana wa leo hurekodi kila chombo peke yake, na mtu akikosea anafutwa yeye tu. Sisi tulipiga wote kwa pamoja mbele ya vipaza sauti vichache, na akikosea mmoja tulianza upya wote. Kwa hiyo sauti kubwa au ndogo ilipangwa kwa miguu. Bwana Fundi Mitambo alitutazama kupitia kioo akitoa amri. "Bibie wa kwanza, rudi hatua moja. Bibie wa pili, usisogee. Saksafoni, toka nje kabisa, nitakusikia kupitia mlangoni." Mpiga saksafoni alirekodi albamu nzima akiwa koridoni.

Santuri ilipotoka, kwenye jalada alikuwepo Modesta na kiwiko changu. Watu wa Ukerewe walikitambua kiwiko hicho wakampongeza mama yangu. Wivu nilikuwa nao, sikatai, lakini ulikuwa zaidi wivu wa magauni yake kuliko wa nafasi yake. Nafasi yake ilikuwa na taabu zake. Kila mlevi alitaka kupeana naye mkono, na mimi nilipita mlango wa nyuma nikaenda kulala.

Kisha kiwanda kikauzwa. Mwenye mali mpya hakuona bendi inachambua pamba gani, akafunga vyombo stoo, na sisi wahudumu wa mapokezi na wasimamizi wa mizani tukajikuta nje ya geti. Mimi na Modesta tulichukuliwa na hoteli moja ya ufukweni. Bwana Meneja alikuwa mpole na hakupenda muziki. "Wageni wanakula," alituambia siku ya kwanza. "Msiwaamshe." Pale tuliimba kopi, yaani nyimbo za watu wengine, polepole, karibu na meza ya matunda. Tulikaa miaka mingi kuliko tulivyokusudia. Katikati ya miaka hiyo Modesta alipata mfadhili, tukaenda Nairobi kurekodi albamu ya pili, *Chumba cha Nyuma*, iliyotoka kwa kaseti. Kwa maoni yangu ndiyo bora yake, ingawa haikuuzika kama ya kwanza. Walioipenda waliipenda hadi utepe ukakatika.

Baada ya hoteli tulihamia Kigongo, kwenye baa iliyokuwa karibu na gati. Siku hizo daraja lilikuwa bado, na magari yalipanga foleni kungoja kivuko cha kwenda Busisi. Tuliimbia watu waliokwama, madereva wa malori, wauza dagaa, na mara moja msafara wa harusi uliofika bila bwana harusi, maana alikuwa ameshavuka. Msikilizaji aliyekwama ni msikilizaji mzuri. Huko ndiko Modesta alikoanza kutunga upya baada ya ukimya mrefu, na aliendelea hata tulipoacha kazi za baa na kubaki tukiimba kwenye sherehe moja moja.

Alitungia jikoni kwake Igoma, akimenya mihogo. Aliimba mstari, mimi nikatafuta wa chini, tukaurudia hadi ukakaa. Hatukuandika, hatukurekodi kwa simu. Hatukuwa na desturi hiyo, na Modesta aliamini wimbo unaohitaji kukumbushwa haujakamilika. Tulifikisha nyimbo za kutosha albamu ya tatu. Alitaka iitwe *Kivuko Kimeondoka*, na aliitaka kwa nguvu ambazo sikuwahi kuziona kwake, hata ujanani. "Zile mbili nilirekodi nikiwa sijui kitu," alisema. "Hii ndiyo yangu."

Ndipo koo likaanza kumsumbua. Walimpasua hospitalini wakatoa uvimbe, na maisha yake yakabaki salama. Sauti haikubaki. Alirudi nyumbani na mnong'ono tu, ambao ulipaswa kuusogelea ili uusikie. Nyimbo zake mpya sasa zilikuwa katika vichwa viwili, na katika hivyo kimoja tu kilikuwa na koo. Nililia kwa ajili yake, kisha nikaogopa kwa ajili yangu, maana nilijua nitaambiwa nini.

Niliambiwa hayo studio, huko Nyegezi, si mbali na stendi ya mabasi. Bwana Prodyuza alikuwa kijana mwenye heshima, kuta zake amezibandika trei za mayai ili sauti isirudi. Wapiga vyombo walikuwa wamekwisha kurekodi. Modesta alikaa kwenye kiti cha plastiki, shingo amefunga kitambaa.

"Shikamooni bibi," alisema Prodyuza. "Sasa wewe bibi Vene, utatuimbia ya kwanza. Nyimbo unazijua zote, si ndiyo?"

Nilizijua. Muziki ukaanza, nikafungua kinywa, ikatoka sauti ya pili.

Tukarudia. Nilijiambia, panda, Veneranda, panda. Kichwani niliisikia sauti ya kwanza wazi kabisa, kila noti, tena kwa koo la Modesta alipokuwa mzima, na koo langu likaijibu kwa chini kama lilivyomjibu maisha yote. Kadiri nilivyoisikia vizuri ndivyo nilivyoshuka. Nikaziba masikio, haikusaidia. Prodyuza alinichezea noti moja moja kwenye kinanda, nikaziimba moja moja kama mtoto wa chekechea, na mara maneno yalipoungana nikaporomoka tena. Niliona aibu hadi jasho likanitoka. Mtu amefanya kazi moja umri mzima, kumbe kazi nayo imemfanya.

Mpiga gitaa la solo akajitolea kuipiga sauti ya kwanza kwa nyuzi. Modesta akatikisa kichwa. Prodyuza akasema ipo njia nyingine: siku hizi kompyuta inaweza kulishwa kaseti za zamani ikatengeneza sauti ya mwimbaji, iimbe chochote. Akatujaribishia mstari mmoja kutoka *Chumba cha Nyuma*. Ilikuwa ni yeye hasa. Modesta alisikiliza ameinamisha kichwa, akaomba irudiwe, kisha akamwita Prodyuza kwa kidole, na kijana akainama kumsikia.

"Huyu anapumulia wapi?" alinong'ona.

Kijana akaigeukia kompyuta yake.

"Basi si mimi. Mrekodi Vene hivyo hivyo."

"Lakini bibi, hii ni nusu. Watu watasikia pengo."

"Walisikie."

Tukarekodi hivyo. *Kivuko Kimeondoka* ni albamu ya sauti ya pili peke yake, na juu yake hakuna mtu. Ilitoka kwa njia ya simu, kama zinavyotoka siku hizi, na walioisikia hawakujua waiseme vipi. Jirani yangu mmoja alisema ni kama suruali yenye mguu mmoja. Mimi sikuweza kuisikiliza. Kila mstari ulinikumbusha kwamba ile ambayo Modesta aliiita yake haikuwemo, na kwamba ingetoweka siku sisi wawili tutakapotoweka.

Wanamuziki wenzetu walipanga siku ya kutuaga kazini, Jumapili mchana, katika ukumbi mmoja wa Butimba. Walikuja waliocheza nasi tangu enzi za kiwanda, wengine na fimbo, na wajukuu zao, na akina mama wengi wa kwaya za huku, ambao hualikana kwa makundi. Modesta aliwekwa kiti mbele. Niliimba za zamani na mwimbaji wa kukodi, msichana hodari, kisha mshereheshaji akatangaza wimbo mpya wa Modesta. Msichana akashuka jukwaani, maana sauti ya kwanza ya wimbo huo hakuijua. Hakuna aliyeijua ila sisi wawili.

*Kivuko kimeondoka, nami nimebaki na kapu,* niliimba, kwa chini, peke yangu. *Gati limebaki tupu, nami sijapunga mkono. Umeniachia mawimbi, umechukua ng'ambo.*

Ubeti wa kwanza walisikiliza. Kiitikio kiliporudia maneno hayo, mama mmoja aliyeketi katikati ya ukumbi, sijui ni wa kwaya ipi, akaingia juu yangu. Hakuwa amewahi kuisikia sauti ya kwanza ya wimbo ule. Lakini watu waliokulia kwaya ukiwapa alto hawawezi kuiacha bila paa. Wa pembeni yake akamfuata, kisha safu nzima, kisha na wazee wa fimbo. Mstari wa kwanza waliupata. Wa pili waliupata. Ilikuwa sauti ya kwanza ya Modesta, ile ile ya jikoni Igoma, inatoka kwa watu ambao hakuwafundisha, na mimi nikakishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Yeye alikuwa amesimama, mkono kifuani.

Mstari wa tatu waliukosea. Kwenye neno "ng'ambo" Modesta alikuwa ameshusha sauti. Ndivyo alivyotunga, na tuligombana juu yake siku nzima kabla sijakubali. Wao wakapanda. Walipanda wote kwa pamoja, juu kabisa, wakabaki huko, na noti yangu na yao zikagongana vibaya. Wapiga gitaa walinitazama. Kiitikio kilikuwa kinarudi tena. Nilishuka ngazi mbili hadi mbele ya Modesta nikainama, kipaza sauti nimekiziba kwa kiganja.

"Dada, wanakosea pale. Niwasimamishe?"

Alinivuta sikio karibu na mdomo wake. Macho yake yalikuwa yamelowa, na alikuwa anacheka.

"Waache," alinong'ona. "Wewe ndiye unayekosea. Wafuate."

Nikapanda jukwaani, nikawageukia, nikatazama mabega yao yakiinuka, na kwenye "ng'ambo" nikabadili noti yangu.